Kirusi, Kidakuzi na Tarakilishi ya Nyumbani

Makala hii inanuia kueleza namna tarakilishi ya nyumbani (au kompyuta, kama wengi wanavyozidi kuiita) inavyoweza kulindwa dhidi ya virusi na dhidi ya ufuatiliaji wa mtandaoni. Inamlenga msomi wa Kiswahili, ambaye aghalabu hujiona mgeni katika uwanja huu ilhali mali yake yote ya kitaaluma imo ndani ya mashine hiyo: tasnifu, tafsiri, na sauti za wazee alizorekodi nyanjani. Maelezo yatapitia katika majina ya mambo yenyewe, kwa kuwa baadhi ya majina hayo yanafundisha na mengine yanapotosha.

Jina linalopotosha ni virusi. Katika Kilatini neno hili lilimaanisha sumu. Likapitia katika tibabu kabla ya kufika kwenye tarakilishi. Mwaka 1984 mtaalamu Fred Cohen alieleza kirusi cha tarakilishi kuwa programu inayoambukiza programu nyingine kwa kuzibadili ili zibebe nakala yake. Kiswahili kilipolipokea neno hilo kiliichukua silabi ya mwanzo kuwa kiambishi cha ngeli, na hivyo kikazaliwa kirusi, kinachogongana na jina la lugha ya Warusi bila kumdhuru mtu. Kinachodhuru ni taswira ya ugonjwa. Asikiaye ugonjwa hufikiria hewa, bahati mbaya na dawa. Huamini kwamba akishaweka programu ya kingavirusi amechanjwa, basi na afungue chochote atakacho. Virusi vya tarakilishi haviruki hewani. Karibu kila mara upo mlango uliofunguliwa au usiokomewa, na mara nyingi aliyeufungua ni mwenye nyumba mwenyewe.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayeishi Uthiru au Kinoo, magharibi mwa Nairobi. Ameandika sura yake nyumbani lakini hana printa. Anainakili kwenye flashi, anapanda matatu kwa Barabara ya Waiyaki hadi katikati ya jiji, kisha anaingia katika mojawapo ya vibanda vya uchapishaji vilivyosongamana kati ya Moi Avenue na Mtaa wa Tom Mboya. Tarakilishi ya kibanda hicho imekwisha kupokea flashi za wateja wengi tangu asubuhi. Jioni, anapoichomeka flashi kwenye mashine yake ya nyumbani, anaziona folda zake zote kwa majina yake yale yale, ila kila moja ina kishale kidogo pembeni. Akibofya, sura yake inafunguka kama kawaida, na kwa wakati huo huo kirusi kinaingia katika mashine kimyakimya.

Kilichotendeka ni hila sahili. Kirusi kimezificha folda halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Anayebofya njia ya mkato anakiamuru kirusi kifanye kazi, kisha anafunguliwa folda yake ili asishuku. Hapo zamani hata kubofya hakukuhitajika: Windows ilikuwa radhi kuendesha programu yenyewe mara flashi inapochomekwa, na kasoro hiyo ndiyo mojawapo ya njia alizozitumia mnyoo maarufu Conficker kuanzia mwaka 2008. Microsoft iliufunga mlango huo katika Windows 7, na mwezi Februari 2011 ikaufunga katika matoleo ya zamani pia. Tangu hapo waundaji wa virusi wameutegemea mkono wa mtumiaji.

Ni muhimu kujua kwamba katika hali hiyo kazi haijafutwa, imefichwa tu. Wengi huingiwa na hofu, wakaifomati flashi, na hapo ndipo kazi hupotea kwelikweli. Njia iliyo bora ni kutobofya chochote, kuikagua flashi kwa kingavirusi, kisha kuiamuru tarakilishi ionyeshe faili zilizofichwa na kuzinakili pahali salama. Bora zaidi ni kutoipeleka tasnifu kibandani kabisa. Sura inayochapishwa igeuzwe kuwa PDF na kutumwa kutoka kwenye simu hadi kwa anwani ya kibanda. Kufungua barua pepe yako katika mashine ya kibanda ni kosa kubwa kuliko lile la flashi, kwani mashine hiyo inaweza kuwa inanukuu kila kitufe kinachobonyezwa, nywila yako ikiwemo.

Kuhusu mlango usiokomewa, mfano mashuhuri ni WannaCry, programu ya utekaji nyara iliyozuka tarehe 12 Mei 2017 na kuzifunga tarakilishi katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwa miongoni mwa zilizoathirika. Ilidai fidia ya dola 300 kwa kila mashine. Haikumngoja mtu abofye. Iliruka kutoka mashine moja hadi nyingine kwa kupitia ufa katika Windows. Lakini kiraka cha ufa huo kilikuwa kimetolewa na Microsoft mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Kwa mintarafu hii, masasisho yanayoonekana kama kero ya kumaliza data ndiyo ulinzi wa kwanza, na anayetumia Windows 10 akumbuke kwamba muda wake wa kawaida wa kusaidiwa ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Programu za wizi nazo zina ubaya wa pekee: maelekezo yake humtaka mtu azime kingavirusi kwanza. Mgeni anayekuomba ufunge mbwa kabla hajaingia hahitaji kuelezwa zaidi, hasa ikiwa LibreOffice inapatikana bure na Windows za sasa huja na kingavirusi yake yenyewe.

Tuje kwenye jina linalofundisha. Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa akifanya kazi Netscape, alibuni faili ndogo ambayo tovuti huiacha katika kivinjari ili imtambue mgeni anaporudi. Waingereza huiita kwa jina la biskuti, nalo halimwambii mtu lolote. Kiswahili kimeiita kidakuzi, neno la ukoo mmoja na mdaku na udaku, na msemaji yeyote anajua mara moja kwamba kuna siri zinazobebwa.

Utendaji wake unafahamika vyema na yeyote aingiaye majengo ya katikati ya Nairobi. Mlangoni bawabu humwekea daftari, naye huandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na saa ya kuingia. Daftari la jengo moja halina madhara makubwa. Lakini tuseme bawabu wa majengo yote ameajiriwa na kampuni moja, na kila usiku madaftari yanalinganishwa: asubuhi mtu huyu alikuwa kwa wakili wa talaka, adhuhuri kwa daktari wa moyo, alasiri kwa mkopeshaji. Hivyo ndivyo vidakuzi vya makampuni ya matangazo hufanya, kwa kuwa tangazo la kampuni moja huwekwa katika maelfu ya tovuti. Safari imevizuia kabisa tangu mwaka 2020. Firefox tangu 2022 humpa kila bawabu daftari lake asiloweza kulilinganisha na jingine. Google ilikuwa imeahidi kuviondoa katika Chrome, ikaiacha azma hiyo Julai 2024. Kwa hiyo anayetumia Chrome aingie mwenyewe katika mipangilio na kuvizuia. Dirisha la faragha lisimpumbaze: hufuta kumbukumbu katika mashine yake, lakini mtoa huduma za intaneti bado anaona tovuti anazozitembelea.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeipa haki hiyo meno. Wanafunzi huisoma sheria hiyo kama ngao yao dhidi ya makampuni. Ni nadra wakumbuke kwamba wao pia ni washika amana: majina ya wahojiwa, nambari zao za simu, simulizi walizozitoa kwa kumwamini kijana aliyefika na kinasa sauti. Faili za namna hiyo zifungwe kwa nywila ndefu isiyotumika kwingine, na majina yahifadhiwe mbali na sauti. Nakala ziwe tatu: moja katika tarakilishi, ya pili katika diski ya nje inayochomolewa mara kazi inapokwisha, kwa maana programu ya utekaji nyara hufunga pia diski iliyochomekwa, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni. Sura ya tasnifu iliyopotea huandikwa upya kwa uchungu wa miezi miwili. Mzee wa miaka tisini aliyesimulia mwaka juzi huenda asiwepo wa kusimulia tena.