Finjani Mbili za Bahla: Kiinimacho, Sihri na Vitu Vinavyohama

Ukitaja Bahla katika baraza ya Waswahili wa Maskati, hachelewi kutokea mtu wa kufanya mzaha: kila mmoja ashike finjani yake isije ikahama. Watu hucheka, lakini mwenye asili ya Bahla hucheka kidogo kuliko wengine. Sifa ya uchawi imewafuata watu wa mji huu walipovuka bahari, na wengine waliporudi Oman baada ya 1964 na 1970 waliikuta inawangoja. Katika makala haya tunaiangalia sifa hiyo kwa njia ya mchezo mmoja wa kiinimacho, ule wa vitu viwili vidogo kubadilishana mahali.

Kwanza mji wenyewe. Bahla ipo Dakhiliya, kiasi cha kilomita 40 kutoka Nizwa. Ilikuwa makao ya Banu Nabhan, waliokuwa na nguvu katika bara ya Oman tangu karne ya 12 mpaka mwisho wa karne ya 15. Ngome yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987, ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1988, na ikatolewa humo mwaka 2004 baada ya matengenezo ya miaka mingi. Ukuta unaouzunguka mji na mitende yake una urefu wa kiasi cha kilomita 12. Wafinyanzi wake wanajulikana Oman nzima. Na katika karne ya 10 mji huu ulimtoa Ibn Baraka, mwanachuoni mkubwa wa Kiibadhi, mtungaji wa Kitab al-Jami'.

Lakini hayo siyo yanayosimuliwa barazani. Yanayosimuliwa ni kwamba ukuta ulijengwa na majini kwa usiku mmoja. Kwamba msikiti fulani ulihama usiku kutoka mji mwengine ukatua Bahla. Kwamba mti wa sokoni ulifungwa minyororo ili majini wasiuchukue. Na la kutisha zaidi ni habari ya mughayyab, mtu aliyekufa machoni pa jamaa zake akazikwa, kumbe, husemwa, mchawi amemficha na anamtumikisha mahali pengine. Waliokulia Tanzania wataitambua hadithi hii mara moja, maana huko mtu huyo huitwa msukule.

Ukizisikiliza vizuri, hadithi zote hizi zinafanana: kitu hakikuwa mahali fulani, kisha kikaonekana hapo, na hapana aliyeona njia yake.

Hapa ndipo lugha zetu mbili zinapotusaidia. Kiarabu kinatenganisha sihri na khiffat al-yad, yaani wepesi wa mkono. Kiswahili kina uchawi, na kina kiinimacho, neno linalotuelekeza kwenye kiini cha jicho: jambo limetendeka katika macho ya mtazamaji. Wanachuoni wa zamani walilijua hilo. Qur'ani, katika Surat al-A'raf, inapoeleza wachawi wa Firauni inataja kwamba kilichorogwa ni macho ya watu. Al-Jassas, mfasiri wa Baghdad aliyefariki mwaka 981, aliieleza sehemu kubwa ya sihri kuwa ni hila, akataja maelezo kwamba kamba na fimbo za wachawi wale zilitiwa zebaki ili zitikisike. Katika karne ya 13, al-Jawbari wa Damascus aliandika kitabu kizima kufichua hila za matapeli. Hatusemi kwamba sihri haipo. Imetajwa katika Kitabu. Tunasema kwamba si kila kisichoelezeka ni sihri, na wazee wetu walizijua zote mbili.

Sasa mchezo. Vifaa vyake vipo katika kila nyumba ya Kiomani: finjani mbili zisizo na mkono, kokwa moja ndogo ya tende iliyooshwa na kukaushwa, na punje mbili za buni zinazolingana kwa ukubwa na rangi. Tandika mkeka au kitambaa kizito, maana kokwa ikigonga meza hutoa siri. Watazamaji wataziona finjani mbili zilizopinduliwa, kokwa moja na buni moja. Buni ya pili iko kwenye mkono wako wa kulia, imelala kwenye mashina ya kidole cha kati na cha pete, vidole vimekunjwa kidogo tu kama mkono uliopumzika.

Chukua kokwa kwa ncha za vidole vya mkono huo huo, uioneshe. Mkono wa kushoto uinue ukingo wa finjani ya kwanza. Peleka vidole chini yake, iachie buni iliyofichwa, na iteremshe kokwa mpaka mashinani mwa vidole. Finjani ishuke wakati vidole vingali vinatoka. Watazamaji wanaamini kokwa iko ndani, nawe unayo mkononi. Kisha chukua buni iliyo juu ya mkeka, ioneshe, na fanya vivyo hivyo kwenye finjani ya pili: iachie kokwa, ibakishe buni.

Kazi imekwisha. Kokwa na buni zimeshabadilishana mahali, na wewe hujasema neno. Sasa ndipo uanze maneno: waambie waangalie vizuri, wasipepese macho, zungusha mkono juu ya finjani, kisha waache wazifunue wenyewe. Huku wakishangaa, mkono wa kulia uende kwenye bakuli la tende na kuiacha buni huko.

Anayejifunza hupata taabu mahali pawili. La kwanza ni kuutazama mkono wenye siri. Watu hutazama unapotazama, basi tazama finjani. La pili ni haraka. Vidole vinavyotaka kukimbia hushukiwa. Jizoeze kwanza kuviweka vitu kwa kweli, mara kumi au ishirini, mpaka uujue mwendo wako wa kawaida. Kisha mwendo wa hila uufanane huo.

Mafunzo yake kwa mwenye kuandika historia ni haya: watu walianza kuangalia baada ya kazi kwisha. Walioambiwa waangalie waliangalia kwa uaminifu, na ushahidi wao ni wa kweli, ila umeanzia mahali siko. Basi tunapopokea hadithi ya Bahla tuulize: msimulizi alianza kuangalia lini? Ukuta wa kilomita 12 ni kazi ya mikono na matengenezo ya vizazi. Anayezaliwa akaukuta umesimama hakuona tofali hata moja likiwekwa. Kwake yeye, kweli, ni kama ulisimama kwa usiku mmoja.

Na mughayyab je? Hapa tuseme kwa upole. Wapo miongoni mwetu waliopoteza jamaa mwaka 1964 bila kuona maiti wala kaburi. Asiyeona mazishi huona vigumu kufunga mlango, na moyo humtafuta aliyepotea mahali pengine akiwa hai. Hatuwezi kumcheka anayesimulia hivyo. Lakini wajibu wetu ni kuandika kilichotangulia hadithi: jina, mtaa, siku ya mwisho aliyoonekana, na nani alimwona.

Kutouliza kuna madhara. Pemba nayo imebeba sifa kama ya Bahla. Evelyn Waugh aliirudia katika kitabu chake Remote People cha mwaka 1931, na wageni wanaendelea kuirudia. Tanzania bara, hasa Usukumani, wazee, wengi wao wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wakati mwengine kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni.

Kwa hiyo tunapendekeza wazazi wawafundishe watoto mchezo huu wa finjani, na baada ya kicheko wawaoneshe buni ya pili. Mtoto aliyeishika buni hiyo, akiambiwa barazani kwamba bibi yake wa Bahla alikuwa mchawi, atajua la kuuliza.