Muuaji wa Chai Yumo Kisikini

Mkulima wa chai wa Kericho au Rungwe akikuta kichaka kimoja kimekauka katikati ya shamba lililostawi, hulaumu jua, mchwa au radi. Huking'oa na kupanda mche mpya. Mche nao unanyauka, halafu kinafuata kichaka cha jirani. Hapo ndipo watu huanza kuulizia dawa kwenye duka la pembejeo, na dawa watauziwa, ingawa hakuna ya kunyunyizia majani itakayofika anakoishi adui huyu.

Adui ni kuvu ya jenasi ya Amilaria, inayoozesha mizizi ya chai, kahawa, misonobari, michungwa na miti mingine mingi. Ilikuwapo kabla ya shamba. Katika msitu wa asili huishi kwenye mizizi ya miti mikubwa, ikila kidogo hapa na pale, na mti wenye nguvu huizuia isipenye ndani. Mti unapokatwa, ulinzi huo huisha. Kisiki kinabaki na mizizi iliyojaa wanga, kuvu inajitanua humo bila kipingamizi, na chakula hicho huitosha kwa miaka mingi. Kisha anakuja mtu na miche ya chai na kuipanda juu ya ghala hilo.

Kuitambua si kazi ngumu. Fukua udongo kwenye shingo ya kichaka kinachougua, yaani pale shina linapokutana na mizizi, uone kama gome limepasuka kwa urefu. Kisha libandue kwa kisu. Ukikuta utando mweupe umeng'ang'ania mbao na unanuka uyoga mbichi, ndiyo yenyewe. Mchwa huacha njia za udongo. Radi huua vichaka vya duara zima kwa mpigo mmoja. Amilaria haina haraka. Huanza na kimoja, ikafuata kingine, na pengo linapanuka mwaka hadi mwaka. Wakati mwingine, mvua zikinyesha, vishada vya uyoga huchomoza chini ya shina, lakini usivisubiri: huku kwetu vinaweza visionekane kabisa.

Jambo moja linatupa nafuu. Katika nchi za baridi, baadhi ya jamaa za kuvu hii hutuma kamba nyeusi zinazosafiri zenyewe udongoni. Mmoja wao, katika msitu wa Malheur jimboni Oregon, Marekani, ametandaa zaidi ya hekta 900. Barani Afrika kamba hizo ni nadra kuonekana zikitambaa huru ardhini. Ugonjwa hupita hasa pale mzizi mgonjwa unapogusana na mzizi mzima. Ukikata mguso huo, umeifungia njia.

Ndiyo maana handaki lina maana zaidi kuliko chupa ya dawa. Lichimbwe kuzunguka eneo lenye ugonjwa, kina cha kama mita moja, likiingiza pia safu ya vichaka vinavyoonekana vizima, kwa sababu vingi kati ya hivyo vimekwisha kuambukizwa. Udongo utupwe ndani ya eneo bovu, si nje. Kisha ng'oa vyote pamoja na visiki, fuata mizizi yenye unene wa kidole, ichome moto. Nafasi hiyo ipandwe majani ya Guatemala kabla ya kurudisha chai. Muhogo usiupande hapo, kwani nao hushikwa. Ni kazi ya sururu na jasho, na wengi huiacha nusu. Kipande cha mzizi kilichosahaulika chatosha kuirudisha.

Lakini dawa iliyo bora hutangulia shoka. Miaka ya 1930, huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mtafiti aliyeitwa R. Leach alionyesha kwamba ukibambua gome la mti kuzunguka shina lote, kisha ukauacha ufe ukiwa umesimama, sukari inayotengenezwa na majani haishuki tena mizizini. Mizizi hutumia akiba yake mpaka iishe. Mti unapokuja kuangushwa, Amilaria haikuti wanga wa kuitosha, na kuvu nyingine zisizo na madhara zimekwisha kuishika ile mizizi. Kinachohitajika ni panga na subira ya mwaka mmoja hadi miwili.

Subira ndiyo inayokosekana. Mgrevilea wa kivuli au wa mpakani hukatwa mara ada ya shule inapodaiwa, mbao zikauzwa, kisiki kikaachwa katikati ya chai. Hasara ya vichaka vitakavyokufa baadaye haiingizwi kwenye hesabu ya mbao hizo, nayo inaweza kuzidi bei yake. Anayekusudia kuangusha miti shambani mwakani, na abambue magome mwaka huu. Na aliyekwisha kukata, ang'oe visiki kabla ya kununua miche.