Majina yenu ndani ya kompyuta yanalindwaje?

Ndugu viongozi, ndugu familia mliohama makwenu,

Tunapokuja kuandikisha familia, siku hizi hatubebi daftari tu. Wengi wetu tuna kompyuta ndogo ya kubeba mkononi. Ndani yake mna majina, umri wa watoto, kijiji mlikotoka, na pengine habari za mabaya mliyotendewa. Kompyuta ikiibwa, itanunuliwa nyingine. Lakini orodha ya nani alimtaja nani ikiangukia mikono mibaya, inaweza kuamsha kisasi kati ya jamaa na jamaa.

Hatari hiyo ipo kweli. Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandaoni walifikia habari za watu zaidi ya 515 000, wakiwemo waliotengana na jamaa zao. Kwetu kuna pia hatari ya safari. Tarehe 27/05/2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, sehemu ya Goma iliamriwa kuhama, na watu wengi wakaelekea Sake. Katika haraka kama ile ni rahisi mfuko kusahaulika au kunyang'anywa.

Je, neno la siri linatosha? Hapana. Mwizi anaweza kutoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine. Ndiyo maana diski nzima inapaswa kufungwa kwa programu inayogeuza maandishi yawe alama zisizosomeka bila ufunguo. Na kabla ya safari, mashine izimwe kabisa. Kufunika kifuniko tu kunailaza, na ufunguo unaweza kubaki ndani.

Nakala ya pili, iliyofungwa vilevile, ibaki mahali pengine, isisafiri katika mfuko mmoja na kompyuta. Mashine ikiharibika, isipelekwe kwa fundi wa sokoni na orodha ikiwa wazi ndani. Flashi zinazopita mkono kwa mkono huleta virusi, zisichomekwe ovyo.

Ninyi viongozi mna haki ya kumuuliza kila anayekuja kuandika:

- Habari hizi ni za kazi gani, na nani atazisoma?
- Je, diski imefungwa?
- Ushuhuda wa mateso umetengwa na orodha ya chakula?
- Zitafutwa lini?

Sheria ya Kongo juu ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13/03/2023, inalinda habari za mtu binafsi. Hata kuomba kosa katika jina lako lisahihishwe ni haki yako.

Nanyi pia mtusaidie: msipige picha za orodha kwa simu na kuzitumiana. Picha moja ikishatoka, hakuna awezaye kuirudisha.

Msiogope kuuliza. Mfanyakazi anayewaheshimu hatakasirika. Atakaa chini na kuwaeleza.