Mkopo wa Chuo Kikuu: Ni Riba? Na Nani Ana Wajibu Gani?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Swahaba zake. Amma baad:

Tumeulizwa na kijana Muislamu wa Arash, wilayani Ngorongoro, aliyepata nafasi ya chuo kikuu: Je, achukue mkopo wa Serikali, ilhali wenzake wanamwambia ni riba, au baba yake auze ng'ombe waliobaki? Suali hili ni la wengi, hivyo tunalijibu kwa wote.

Mkopo wenyewe

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004. Kwa miaka kadhaa deni liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na aliyechelewa kulipa akatozwa faini ya asilimia 10. Waliojizuia wakati huo walikuwa na hoja nzito, kwani nyongeza iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, ipewe jina lolote.

Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa asilimia 6 hiyo, na faini nayo ikaondolewa. Ilibaki asilimia 1 ya gharama za uendeshaji, inayotozwa mara moja. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, ilijuzisha mkopeshaji kuchukua gharama halisi za huduma; kinachozidi hapo ni riba.

Kwa hiyo, mwenye haja anajuziwa kukopa, maadamu tozo haizidi gharama halisi. Asome mkataba kabla ya kutia saini. Akikuta nyongeza inayokua kadiri muda unavyopita, asiukubali.

Ng'ombe wa baba

Mzazi mwenye wasaa ni bora alipe, mwanawe asiingie katika deni. Ama ng'ombe ambao wadogo zake wanakunywa maziwa yao, hao wasiuzwe. Matumizi ya walio chini yake ni wajibu juu ya baba, na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametufundisha kuanza na tunaowalea.

Wajibu wa mkopaji

Baadhi ya wahitimu huikwepa Bodi wakisema hizo ni fedha za Serikali tu. Hii ni dhulma. Ni mali ya umma, na marejesho ndiyo yanayosaidia kumsomesha anayefuata. Mtume alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Basi mkopaji aweke niya ya kulipa, aliandike deni kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara (aya 282), na aitaje katika wasia wake. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ajipange tangu mapema.

Wajibu wa Serikali

Arash utajiri ni mifugo, na mifugo si mshahara. Ukame wa 2021 na 2022 uliua ng'ombe wengi kaskazini mwa nchi. Kisha Juni 2022 Serikali iliweka mipaka ya hifadhi ya kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo, na Arash ni miongoni mwa kata zilizoguswa, malisho yakapungua. Anayepima uwezo wa familia kwa idadi ya ng'ombe wa miaka iliyopita atakosea.

Aidha, mhitimu aliyejiajiri hudaiwa shilingi 100,000 kwa mwezi, au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi. Aliyekosa ajira akarudi kuchunga atazipata wapi kila mwezi? Suratul Baqara (aya 280) inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike. Amri hiyo inamhusu kila mdai, na mwenye mamlaka ni wa mwanzo kuifuata. Tunanasihi aliyethibitika hana kipato asisumbuliwe, na mwenye uwezo asiachwe.

Wajibu wetu

Wenye madeni ni miongoni mwa wanaostahiki zaka (Suratut Tawba, aya 60). Matajiri wetu na kamati za misikiti wawatafute wahitimu walioelemewa, wasingoje kuombwa.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.