Chinatown ya San Francisco: mtaa uliokataa kuhamishwa

Na Mwandishi Wetu, San Francisco

Mgeni anayefika San Francisco kwa mara ya kwanza huambiwa mapema kwamba mji huu uonwe kwa basi. Si basi la abiria la kila siku, bali lile la watalii, la ghorofa, lililo wazi juu, linalozunguka mjini mchana kutwa. Ukishakata tiketi ya siku unashuka kituo chochote upendacho, unatembea, ukitosheka unangoja jingine lipite na kupanda tena bila kulipa. Ndugu zetu wa London na Dubai wanayajua mabasi ya aina hii. Kwa familia za ughaibuni zinazopokea wageni kutoka nyumbani wakati wa likizo, ni njia nyepesi ya kumtembeza mzee asiyeweza kuipanda milima ya mji huu kwa miguu.

Nasi tulipanda. Tukakaa juu, tukafunga makoti mpaka shingoni, maana upepo wa Pasifiki hauna huruma hata mwezi wa Julai, na tukasikiliza maelezo yaliyorekodiwa. Lakini makala haya si ya mji mzima. Ni ya mtaa mmoja tu, Chinatown, mkongwe kuliko mitaa yote ya Wachina katika Amerika Kaskazini, ambao abiria wengi huupiga picha wakiwa juu ya basi na kupita zao.

Ushauri wetu kwa msomaji ni mmoja: shuka. Ukiwa juu ya basi utaona mapaa yenye pembe zilizopinda na taa nyekundu za karatasi. Kwa nini mapaa hayo yakajengwa vile ni habari inayofuatwa kwa miguu, na inatuhusu sana sisi tuliohama makwetu.

LANGO NA BARABARA YA GRANT

Rahisi zaidi ni kushuka Union Square, uwanja uliozungukwa na maduka makubwa, kisha kutembea mitaa michache hadi makutano ya Bush na Grant. Hapo ndipo lilipo lango maarufu, lenye vigae vya kijani na simba wawili wa mawe. Watu hudhani ni la kale. Sivyo. Lilizinduliwa mwaka 1970. Mtaa wenyewe ulikuwa tayari na umri wa zaidi ya miaka 100.

Wachina walianza kufika kwa wingi baada ya dhahabu kugunduliwa California mwezi Januari 1848. Mwaka 1852 peke yake waliingia wapatao 20,000, wengi wao kutoka vijiji vya Guangdong, kusini mwa China. Nchi hii waliiita Mlima wa Dhahabu. Mlima huo haukuwa wao. Mwaka 1850 jimbo lilikwisha kuweka kodi maalumu kwa wachimbaji wa kigeni. Dhahabu ilipowapita, maelfu wakaenda kujenga reli ya Central Pacific, wakipasua majabali ya Sierra Nevada hadi njia ilipounganishwa Utah tarehe 10 Mei 1869. Reli ilipokwisha na kazi zikaadimika, walewale waliosifiwa kwa uchapakazi wakaambiwa wanawanyang'anya wenyeji ajira. Julai 1877 makundi ya watu yaliwavamia hapa San Francisco na kuchoma moto madobi yao.

Tarehe 6 Mei 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Ilikuwa ya miaka 10, ikaongezwa mwaka 1892, na mwaka 1902 ikafanywa ya kudumu. Haikufutwa hadi 1943, na hata hapo China ilipewa nafasi 105 tu kwa mwaka mzima. Kuanzia 1892 kila kibarua wa Kichina alitakiwa kuwa na cheti cha ukaazi, na asiyekuwa nacho aliweza kukamatwa na kufukuzwa. Ndugu msomaji unayetembea na kadi yako mfukoni, hapo ndipo mambo haya yalipoanzia.

WALIKWENDA MAHAKAMANI

Watu hawa hawakukaa kimya. Mji ulipotunga kanuni ya vibali kwa madobi yaliyo katika nyumba za mbao, Wachina wapatao 200 walioomba walinyimwa, na wasiokuwa Wachina takribani wote wakapewa. Kesi ya dobi lililoitwa Yick Wo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1886 mahakama hiyo ikaamua kwamba sheria ikitumika kwa ubaguzi ni batili, hata kama maneno yake hayana ubaguzi wowote.

Kisha akaja Wong Kim Ark. Alizaliwa hapahapa mtaani mwaka 1873. Alikwenda China kuzuru, na aliporejea mwaka 1895 akazuiwa bandarini akiambiwa si raia. Tarehe 28 Machi 1898 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura sita dhidi ya mbili kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia wa Marekani, ingawa wazazi wake ni wageni. Hukumu hiyo ndiyo iliyotajwa kila mahali baada ya Rais Donald Trump kutia saini, tarehe 20 Januari 2025, amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa nchini humu na wazazi wasio na hati au wenye viza za muda. Watoto wa familia nyingi zetu wamo katika mjadala huo. Wanaosema historia ya Wachina haituhusu wangefaa kulifikiria hilo.

MOTO WA MWAKA 1906

Endelea na Grant mpaka makutano yake na barabara ya California. Upande mmoja kuna kanisa la Old St. Mary's, lililofunguliwa mwaka 1854. Hapohapo kwenye makutano yanasimama majengo mawili ambayo picha zake ziko katika kila kadi ya posta, Sing Chong na Sing Fat, yenye minara ya mtindo wa hekalu.

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906, saa 11 na dakika 12, tetemeko kubwa liliupiga mji. Moto uliofuata ukawaka kwa siku kadhaa na kuiteketeza Chinatown yote. Wakubwa wa mji wakaona hiyo ndiyo fursa. Kwa muda mrefu walikuwa wakiitamani ardhi hii iliyo katikati ya mji, na sasa wakatoa pendekezo kwamba Wachina wapelekwe Hunters Point, pembezoni kabisa kusini mashariki.

Wenye mtaa walikataa kwa hesabu. Ubalozi mdogo wa China ulitangaza kuwa utajengwa upya palepale ulipokuwa. Wafanyabiashara waliukumbusha mji kuhusu kodi na biashara ya Asia ambayo ingeweza kuhamia bandari nyingine. Wamiliki wa viwanja, ambao wengi walikuwa Wazungu, nao hawakutaka kupoteza wapangaji wazuri. Na kabla wakubwa hawajamaliza vikao, watu walikuwa wamekwisha kurudi na kuanza kujenga.

Aliyetoa wazo la jinsi ya kujenga ni mfanyabiashara Look Tin Eli. Alitaka mtaa mpya uwe wa kuvutia watalii, wenye minara, rangi na vigae, ili mji wenyewe uone hasara kuuondoa. Wasanifu walioajiriwa kwa majengo yale mawili, T. Paterson Ross na A. W. Burgren, hawakuwa Wachina, na walichokichora ni China ya kufikirika, iliyokusudiwa macho ya mgeni. Mwanakijiji wa Guangdong asingeitambua. Lakini ilifanya kazi iliyotakiwa. Mapaa yanayopigwa picha kutoka kwenye basi yalijengwa kama ngao.

Look Tin Eli ana historia yake. Alizaliwa Mendocino, California, akapelekwa China utotoni, na aliporudi mwaka 1884 akiwa na miaka 14 alizuiwa bandarini San Francisco. Mahakama ya shirikisho ikaamua kuwa ni raia, miaka 14 kabla ya hukumu ya Wong Kim Ark. Kijana aliyezuiwa asitie mguu mjini ndiye aliyekuja kuupa mji huu sura inayouza tiketi za mabasi leo.

WATOTO WA KARATASI

Moto uliounguza nyumba uliunguza pia kumbukumbu za vizazi za mji. Kuanzia hapo Mchina aliweza kudai kwamba amezaliwa San Francisco, na serikali haikuwa na karatasi ya kumpinga. Akishakuwa raia aliweza kutamka kuwa ana wana China, wa kweli au wa kubuni, na nafasi hizo zikatolewa kwa jamaa au zikauzwa. Walioingia kwa njia hiyo waliitwa watoto wa karatasi.

Serikali ilijibu kwa mahojiano. Kuanzia 1910 hadi 1940 wageni walishushwa katika kisiwa cha Angel, ndani ya ghuba, wakahojiwa kwa siku nyingi. Ngazi za nyumba yenu ni ngapi? Chombo cha mchele hukaa wapi? Anayekaa nyumba ya tatu safu ya pili ni nani? Majibu ya mtoto yalilinganishwa na ya baba, na yakipishana mtu hurudishwa. Wasafiri walikariri vijitabu vya majibu melini na kuvitupa baharini kabla ya kutia nanga. Wengine walizuiliwa kwa wiki, wengine kwa miezi, na wakachonga mashairi katika kuta za mbao, ambayo yapo mpaka leo. Nani kati yetu aliyepita katika mahojiano ya ukimbizi asiyeyajua maswali ya namna hiyo, ambapo kusahau rangi ya mlango kwaweza kuitwa uongo?

Wengi walikufa na majina yasiyokuwa yao. Familia nyingi za mtaa huu zilikuwa na jina la karatasi na jina la nyumbani, na watoto walifunzwa mapema lipi litajwe wapi.

Hata Sun Yat-sen, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Jamhuri ya China mwaka 1912, alipitia njia hiyo. Mwaka 1904, akiwa mkimbizi wa kisiasa, aliingia San Francisco kwa cheti kilichodai kuwa amezaliwa Hawaii, akazuiliwa, na miongoni mwa waliomsaidia kutoka ni Ng Poon Chew, mwanzilishi wa gazeti la Kichina la Chung Sai Yat Po. Gazeti hilo lilichapishwa mjini humu kuanzia mwaka 1900 hadi 1951, likiwapa watu habari za nyumbani na kuwaeleza sheria za ugenini. Sanamu ya Sun imesimama katika bustani ya St. Mary's Square, karibu na lile kanisa. Sisi tunaoandika magazeti mbali na makwetu tulisimama hapo kidogo.

MTAA WA WENYE MTAA

Kutoka hapo iache Grant na maduka yake ya vipepeo na sanamu za plastiki. Pita kichochoro cha Waverly, ambako hekalu la Tin How, lililoanzishwa mwaka 1852, liko ghorofa ya juu kabisa. Ni la mungu wa kike wa bahari, aliyeshukuriwa na waliofika salama. Katika kichochoro cha Ross kuna kiwanda kidogo, kilichofunguliwa mwaka 1962, kinachokunja kwa mkono biskuti za bahati zenye kijikaratasi ndani. Biskuti hizo hazikutoka China. Asili yake inaaminika kuwa ni Japani.

Halafu fika Stockton. Hapa hakuna anayekutazama. Akina mama wazee wanachagua mboga kwa vidole, samaki wanarukaruka katika matangi, bata wa kuchoma wananing'inia dirishani. Tangu Januari 2023 treni ya chini ya ardhi inafika hapa kila siku. Juu ya maduka ndiko kuliko makazi. Familia nyingi zinaishi katika chumba kimoja, jiko na choo vya kushirikiana na wapangaji wengine, maisha ambayo msomaji aliyewahi kupanga Kariakoo au Magomeni hahitaji kuelezwa. Hatua chache kutoka hapo, barabara ya Jackson, ipo Hospitali ya Wachina, iliyofunguliwa mwaka 1925 wakati hospitali nyingine hazikuwataka. Bruce Lee alizaliwa humo tarehe 27 Novemba 1940.

Mwambao wa mtaa umekwisha kumezwa na minara ya benki, na kodi za nyumba katika mji huu ni miongoni mwa zilizo juu kabisa Marekani. Pembeni tu, barabara ya Kearny, usiku wa tarehe 4 Agosti 1977 polisi waliwaondoa kwa nguvu wazee wa Kifilipino na Kichina katika hoteli ya International, ingawa maelfu ya watu walikuwa wamejipanga kuizuia. Jengo likabomolewa. Nyumba mpya za wazee zilipofunguliwa kiwanjani hapo ulikuwa mwaka 2005. Kwa hiyo vita vya mwaka 1906 havikwisha. Silaha tu ndiyo iliyobadilika, kutoka pendekezo la kuhamishwa hadi bei.

KWA WANAOKUSUDIA KWENDA

Nenda asubuhi, uvae viatu vya kutembelea na koti hata kama jua linawaka. Jipe saa tatu, si nusu saa. Beba fedha taslimu kwa ajili ya maduka madogo, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Ukiwa na siku ya pili, chukua feri ukakione kisiwa cha Angel.

Ukisharudi kwenye basi na kukaa juu, yatazame tena yale mapaa. Wenzetu hawa walikuja bila lugha, bila kura, na sheria ya nchi ikiwa dhidi yao, lakini walikuwa na mahakama, gazeti, hospitali na umoja wa kujenga palepale walipounguliwa. Sisi Waswahili wa ughaibuni tuna vyama vingi na harambee nyingi za misiba. Mtaa wetu uko wapi?