Fedha Zimekwama Wapi? Kudaiana na Benki Ukiwa Ughaibuni

Pesa ikipotea kati ya Manchester na Mbeya, ndugu huanza kushukiana kabla hata ya kuitafuta. Aliyetuma anaapa katuma. Aliyeko nyumbani anaapa hajaona kitu, na mafundi wamekaa juu ya matofali wanangoja malipo. "Kaka, nimetoka benki sasa hivi, wanasema hakuna kilichoingia." Kaka anapiga simu benki yake ya Uingereza, anajibiwa kwamba fedha zilishatoka. Anapiga tawi la Mbeya, anachezewa muziki mpaka anakata mwenyewe. Baada ya wiki mbili ugomvi si wa benki tena. Umekuwa wa ukoo.

Kumbe fedha zenyewe huenda ziko New York, kwenye benki ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia.

Dola hazisafiri moja kwa moja kutoka benki ndogo ya nchi hii hadi benki ya nchi ile. Benki nyingi za Afrika Mashariki hazina uhusiano wa moja kwa moja na benki za Ulaya, kwa hiyo malipo hupitia benki za njiani ambako benki zote mbili zina akaunti, na kwa dola mara nyingi benki hizo ziko Marekani. Kila benki ya njiani inaweza kukata chake. Ndiyo maana mtu hutuma kiasi kamili cha ada ya chuo, nayo inafika imepungua, chuo kinagoma kumsajili mtoto, na kila benki inasema si sisi. Kwenye fomu ya kutuma huwa kuna kisanduku kinachouliza makato ni ya nani: ya mtumaji, ya mpokeaji, au ya wote wawili. Wengi hukipita bila kukisoma. Ukichagua wote wawili huwezi baadaye kulalamika kwamba umeibiwa makato; umekubali mwenyewe kwa kidole chako.

Kitu kingine kinachokwamisha fedha ni jina. Benki za Marekani hulinganisha majina na orodha ya watu waliowekewa vikwazo na Wizara ya Fedha ya nchi hiyo, na majina ya pwani yetu, akina Ali, Hassan na Omar, yanafanana na mengi yaliyomo. Malipo yanasimamishwa, swali linatumwa kwa benki iliyotangulia, na kama karani wa huko hajalijibu, fedha zinakaa. Tena kuna yule anayejaza jina la mpokeaji kama alivyomhifadhi kwenye simu, "Mama Neema", wakati akaunti ina majina matatu ya kwenye kitambulisho. Na kuna fomu za Ulaya zinazodai IBAN, namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, ambayo Tanzania na Kenya hatuitumii; mtumaji anabuni cha kujaza, na mashine haina huruma.

Dawa ya hatua hii ni karatasi moja. Dai kutoka benki iliyotuma kopi ya ujumbe wa SWIFT, mtandao ambao benki hutumiana maagizo ya malipo. Ndani yake iwemo namba ya ufuatiliaji ya muamala, ile ndefu ya herufi na tarakimu 32 zilizotenganishwa kwa vistari, ambayo tangu Novemba 2018 hubebwa na malipo ya aina hii kutoka benki hadi benki. Kwa namba hiyo benki yako inaweza kuona malipo yamefika wapi na nani kakata nini. Risiti ya kwenye programu ya simu inayosema "yametumwa" haithibitishi chochote zaidi ya kwamba fedha zimetoka kwako.

Ukishajua zilikokwama, ndipo unajua wa kumdai, maana kila kipande cha safari kina mwamuzi wake na saa yake.

Marekani sheria iko upande wa mtumaji kuliko watu wengi wanavyodhani. Kanuni ya kutuma fedha nje, iliyoanza kutumika Oktoba 2013, humpa mtu dakika 30 tangu alipe kufuta muamala na kurudishiwa fedha zote, ilimradi mpokeaji hajazichukua. Fedha zisipofika, au zikifika pungufu ya kiasi alichoahidiwa kwenye risiti, ana siku 180 tangu tarehe iliyoahidiwa kutoa taarifa, na kampuni au benki ina siku 90 kuchunguza. Asiporidhika anaweza kulalamika kwa mamlaka ya serikali kuu inayolinda watumiaji wa huduma za fedha. Kinga hii hupungua kama kosa ni lako, kwa mfano uliandika namba ya akaunti isiyo sahihi. Mhudumu wa dirishani Minneapolis hatakusomea haya. Yako kwenye karatasi aliyokupa.

Uingereza, benki ikilalamikiwa kuhusu malipo ina siku 15 za kazi kutoa jibu la mwisho, na kwa sababu za kipekee inaweza kufika 35. Malalamiko mengine hupewa wiki 8. Jibu lisipokuridhisha una miezi 6 kupeleka lalamiko kwa msuluhishi wa migogoro ya fedha, Financial Ombudsman Service, bila kulipa hata senti. Anayehama Uingereza kurudi Dodoma hapotezi haki hiyo. Akaunti ilikuwa huko, na madai yanafuata akaunti.

Hapo kuna mtego unaowaumiza watu wetu. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za Uingereza zinatakiwa kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akahamisha fedha mwenyewe, hadi pauni 85,000. Watu wamesikia habari hiyo wakalala usingizi. Lakini kanuni ni ya malipo yaliyofanywa ndani ya Uingereza. Aliyetuma pauni zake moja kwa moja Dar es Salaam kununua kiwanja cha Kigamboni ambacho baadaye kimeonekana kina wenyewe wanne, hayumo.

Kwa walioko Ghuba nitasema kwa ufupi. Umoja wa Falme za Kiarabu tangu 2023 una chombo cha kusuluhisha wateja na benki kinachoitwa Sanadak. Deni la kadi ya mkopo ulilolikimbia Dubai halifi kwa sababu umepanda ndege. Linaweza kukungoja uwanjani siku utakayorudi.

Ugomvi mgumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule na benki ya nyumbani. Hautokani na ubaya wa sheria zetu. Unatokana na jinsi benki zetu zilivyojengwa kumtambua mtu kwa kumwona usoni na kwa laini ya simu. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Aliyekuwa Oslo siku hiyo hakuwa na kidole cha kupeleka. Laini ilipokufa, huduma ya benki kwa simu ikafa nayo, kwani namba za uthibitisho zilikuwa zinakwenda kwenye laini ile. Miezi ikapita bila muamala, akaunti ikalala. Leo ukiandika barua pepe kulalamikia makato usiyoyaelewa, jibu ni fupi: fika tawini na kitambulisho. Na kama umechukua uraia wa nchi nyingine, huku Tanzania haina uraia pacha, kitambulisho chenyewe nacho kina mgogoro wake. Wakenya hawana tatizo hilo tangu Katiba ya 2010.

Hapo ndipo tunapomkumbuka mtu wetu wa benki. Binamu, mwanafunzi mwenzetu wa shule ya Tambaza, shemeji wa jirani. Simdharau mtu huyo. Mara nyingi ndiye pekee atakayekuambia ukweli kwamba faili lako liko kwenye meza fulani. Ila msaada wake una gharama isiyoonekana. Anakujibu kwa WhatsApp, "nalifuatilia, bro", miezi inakwenda, na siku ukipeleka madai juu, benki inasema kwa haki kabisa kwamba haijawahi kupokea malalamiko. Simu hazihesabiki, wala salamu. Kinachohesabika ni barua yenye tarehe iliyopokelewa na kugongwa muhuri, au barua pepe iliyopewa namba ya kumbukumbu.

Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinamtaka mteja aanze na benki yake, nayo benki iwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Ukishindwana nayo ndipo unakwenda Benki Kuu, ambayo siku hizi hupokea malalamiko hata kwa mtandao kupitia mfumo wa Sema na BoT, bila kulazimika kumtuma mtu kwenye ofisi zake za Mtaa wa Mirambo, Dar es Salaam. Ila kitu cha kwanza utakachoulizwa ni: benki ilikujibu nini? Usiye na jibu la maandishi utarudishwa ulikotoka.

Barua yenyewe iwe fupi. Namba ya akaunti, tarehe ya muamala, kiasi, unachodai, na tarehe unayotaka kujibiwa. Habari za jinsi ulivyowaamini tangu utotoni ziache. Omba taarifa ya akaunti ya kipindi chote cha mgogoro, si ya miezi mitatu, na omba jibu la mwisho kwa maandishi. Lazima mtu aende kaunta kwa niaba yako? Mpe hati ya uwakili iliyothibitishwa kwa mthibitishaji wa huko uliko au ubalozini, iliyotaja benki, akaunti na kazi anayokwenda kufanya. Hati ya "ashughulikie mambo yangu yote" huwatia wanasheria wa benki wasiwasi, na kusema kweli ingepaswa kukutia wasiwasi wewe zaidi. Nyumba nyingi zimeuzwa kwa hati za namna hiyo.

Na tukigusa nyumba, mkopo wa nyumba ni jambo jingine kabisa. Mkenya wa Dallas aliyekopa kununua nyumba Kitengela akishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki impe notisi ya miezi 3, halafu notisi ya siku 40 ya kusudio la kuuza, kisha kanuni za madalali zinamtaka dalali wa mnada naye ampe siku 45. Muda ni mrefu kwenye karatasi. Tatizo ni anwani. Notisi zinaweza kwenda kwenye sanduku la posta alilolijaza kwenye fomu, ambalo funguo zake ziko kwa mjomba, na mjomba hajafika posta tangu alipostaafu. Nyumba ikishapigwa mnada, kuirudisha ni shida. Sheria inamlinda mnunuzi, na mwenye nyumba anabaki kudai fidia. Kubadilisha anwani kwenye kumbukumbu za benki ni barua ya mistari mitatu.

Anayedaiwa mkopo Kenya aangalie pia hesabu ya riba. Tangu Mei 2007 kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaizuia benki kudai riba inayozidi kiasi cha deni la msingi lililobaki siku mkopo ulipoanza kuhesabiwa kuwa mbovu. Deni la shilingi milioni 2 halitakiwi kufika milioni 7 kwa riba tu. Hesabu za namna hiyo bado hutumwa, na anayezipokea akiwa mbali, akiwa na aibu ya kushindwa, huzilipa bila kuuliza.

Mahakama huja mwisho, na si lazima iwe ya kutisha. Kenya na Tanzania madai ya mkataba yana miaka 6, na kuishi kwako nje hakuisimamishi saa hiyo. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60, mdai anaruhusiwa kujisemea bila wakili, na hati huwasilishwa kwa mtandao.