Grisi ya Liemba na Oili ya Difu

Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakijiandaa kuuhama mji wa Kigoma, waliizamisha meli yao Graf von Goetzen karibu na mlango wa mto Malagarasi. Kabla ya kuiacha iende chini, mainjinia wake walizipaka injini grisi nene, kwa tumaini la kuirudia siku moja. Hawakuirudia wao. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Hatimaye, mwezi Machi 1924, Waingereza wakaitoa majini. Injini za mvuke zilikutwa zingali zafaa, na mwezi Mei 1927 meli ikaanza safari upya kwa jina la Liemba. Injini hizo hizo ziliisukuma hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa kwa injini za dizeli.

Grisi si kitu cha ajabu: ni mafuta yaliyofanywa mazito kwa kuchanganywa na aina ya sabuni, ili yasichuruzike. Chuma hakipati kutu pasipo maji na oksijeni kukifikia, na tabaka la grisi huvizuia vyote viwili. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa misumari miwili ndani ya gilasi ya maji ya ziwa, mmoja umepakwa grisi na mwingine mtupu. Wiki moja yatosha.

Lakini injini ya Liemba ilipokuwa chini ya maji ilikuwa imelala. Chombo kinachozunguka chahitaji zaidi ya kukingwa na kutu, na hapo ndipo linapokuja swali linalowasumbua wenye magari ya kuagizwa yanayosukumwa kwa magurudumu yote manne: je, kwenye difu itiwe oili gani?

Kazi ya difu ni kuyaruhusu magurudumu ya pande mbili yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona, kwa kuwa gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Katika difu nyingi za nyuma, gia ndogo iitwayo pinioni huizungusha gia kubwa, yaani krauni, nayo pinioni imewekwa chini kidogo ya kitovu cha krauni. Mpango huo huitwa haipoidi, nao ulianza kuenea katika magari miaka ya 1920. Faida yake ni kwamba mhimili wa kupeleka nguvu hupita chini zaidi, na sakafu ya gari ikashuka. Hasara yake ni kwamba meno hayaviringiani tu, bali huteleza, moja likiburuzwa juu ya jingine kwa mkandamizo mkubwa mno.

Na tufanye hesabu ndogo. Gari lendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 1,333 kwa dakika. Ikiwa mzingo wa gurudumu ni mita 2, gurudumu huzunguka mara 667 hivi kwa dakika. Na ikiwa pinioni huzunguka mara nne kwa kila mzunguko wa krauni, basi pinioni huzunguka karibu mara 2,670. Chini ya msuguano wa namna hiyo, utando wa oili ya kawaida hufutika, chuma hugusana na chuma, na vilele vya meno hutaka kushikamana kama vilivyochomelewa.

Ndiyo maana oili ya haipoidi hutiwa viungo vyenye salfa na fosforasi. Palipo na joto kali la msuguano, viungo hivyo huungana na chuma na kufanya ngozi nyembamba sana, ambayo hukwanguka badala ya meno. Oili yenye viungo vingi vya jinsi hii huandikwa GL-5. GL-4 inavyo kwa kiasi kidogo zaidi. Wapo wanaodhani kwamba namba kubwa yafaa kila mahali. La. Salfa ile ile inayoulinda uchumi wa krauni yaweza kuila shaba, na katika giaboksi nyingi za kubadilisha kwa mkono mna pete za aloi ya shaba. Giaboksi inayotaka GL-4 ipewe GL-4.

Maandishi mengine, kama 75W-90, hueleza mnato. Sehemu yenye herufi W yahusu baridi: 75W yapaswa kutiririka vya kutosha hata kwenye nyuzi 40 chini ya sufuri, na 80W kwenye nyuzi 26 chini ya sufuri. Kigoma haijui baridi hiyo. Kwa hiyo tofauti ya 75W-90 na 80W-90 huku kwetu si ya kuumiza kichwa, mradi kitabu cha gari kinaruhusu zote mbili. Namba 90 ndiyo ya kutazamwa, maana yaeleza unene wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100: usipungue centistoki 13.5. Kutia 140 kwa kisingizio cha jua la Ujiji, pasipo kitabu kusema hivyo, ni kuongeza ukinzani na kupoteza petroli.

Yapo magari yasiyofuata kanuni hizi. Honda CR-V nyingi zina difu ya nyuma yenye pampu mbili na sahani za klachi ndani yake, nayo hutaka oili maalumu ya Honda. Ikitiwa ya haipoidi, gari hutetemeka na kulia likikata kona. Subaru nyingi za zamani zenye giaboksi ya otomatiki zina difu ya mbele katika chumba chake peke yake, na kijiti chake cha kupimia. Anayefungua koki bila kuuliza aweza kumwaga oili ya difu akidhani amemwaga ya injini. Difu yenye klachi za kuzuia gurudumu moja kuteleza hutaka oili iliyoandikwa LS. Hata kitabu kilichoandikwa Kijapani kisitupwe: alama kama GL-5 na 75W-90 kwa kawaida huchapwa kwa herufi zetu.

Adui wa pili ni maji. Gari lililotoka safari ndefu, difu ikiwa moto, likiingizwa ziwani pale Kibirizi kuoshwa au kupakia dagaa, hewa iliyomo ndani ya difu hupoa ghafla na kusinyaa, ikayavuta maji kupitia kipumulio au sili zilizochakaa. Oili hugeuka kuwa kama maziwa. Ukiwa na shaka, tia matone machache kwenye kijiko cha chuma, ukipashe moto juu ya mshumaa, macho yakiwa mbali: oili yenye maji hutatarika, iliyo safi hutoa moshi tu kimya kimya.

Atakayeimwaga oili hiyo afungue kwanza koki ya juu ya kujazia, ndipo ya chini, kwani koki ya juu ikigoma baada ya difu kuwa tupu, gari halitaondoka hapo. Kisha apitishe sumaku ndani ya oili iliyomwagwa. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida; vipande vya chuma vyenye ncha ni meno ya krauni au mabaki ya beringi.